Sauti ya Mgeni wa Stesheni

Bredäng, Stockholm
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Kabla ya habari za afya na za majirani, nina kesi na wewe. Ulitudanganya! Miaka yote ile, kibanda kizima cha video, watu wazima na heshima zao, ulitudanganya na wala hukutubu.

Jana nimeiona ile filamu ya Kihindi, ile tuliyokuwa tukiiita Mgeni wa Stesheni. Nimeipata Fittja, kwenye duka la Mpakistani ninaponunua mchele. Alikuwa anatupia sidii za zamani kwenye boksi kwa kuwa hakuna anayenunua siku hizi, mara nikaiona ile picha: yule kaka mrefu, nywele zimesimama, kaizuia treni kwa kiganja. Nilipiga kelele pale dukani. Mwenye duka alidhani nimeona panya.

Nikamkalisha Daisy. Nikamwambia, leo utaiona filamu aliyokuwa akiitafsiri babu yako, watu wakijaa mpaka wengine wanachungulia kwenye matundu ya mabati. Akauliza kwa Kiswidi chake, anatafsiri vipi? Nikamweleza kwamba sauti ya filamu inapunguzwa, babu anakaa pembeni na maiki, anawasemea wote: jambazi, bibi harusi, mama mkwe, hata ng'ombe akilia. Ana miaka kumi, haamini kitu bila kukiona. Tukaiangalia, chini kuna maandishi ya Kiswidi.

Mwanzo ni uleule. Mgeni anaanguka kutoka mawinguni siku ya mvua kubwa, kwenye stesheni ya mji mdogo, hajui lugha, hajui chai ni kitu gani. Binti muuza chai anamhifadhi. Mgeni akishika redio mbovu inaimba, akimgusa mtoto mwenye homa anapona, na kila akitumia nguvu zake anasahau kitu kimoja cha kwao. Hapo hukukosea. Lakini Baba! Yule mwenye kofia uliyesema ni askari wa uhamiaji, kumbe ni mkagua tiketi. Yule mchumba wa binti aliyetoka Bombay, kumbe ni kaka yake wa tumbo moja! Na sisi tulivyokuwa tunashangilia wakikumbatiana, Mungu atusamehe.

Sasa njoo mwisho. Mgeni ameizuia treni isitumbukie darajani, amemaliza nguvu zote, amesahau yote. Chombo cha angani kinashuka kumchukua. Mama yake anatoka, anasimama mbele yake, na yeye hamjui. Hapo ndipo ulipokuwa ukiishusha sauti mpaka watu wanaacha kutafuna karanga. Ulimfanya yule mama aseme, "Usinikumbuke, mwanangu. Mimi nimekuona mzima. Yameisha." Hata wavuta bangi wa benchi la nyuma walikuwa wakijifuta macho.

Baba, kwenye filamu yule mama hasemi kitu. Hata neno. Anamtazama, anageuka, anapanda chomboni, mlango unafungwa. Daisy akaniuliza, "Mamma, är hon arg?" Anataka kujua kama mama kakasirika.

Utani umeishia hapo. Tangu mama azikwe hatujasikizana sauti, miaka miwili na nusu sasa. Nikipiga, simu inaita mpaka inakata. Mdogo wangu Dativa ananiambia hujambo, eti hupendi simu. Barua unajibu, mistari mitano, mvua imenyesha, mahindi yamekomaa. Nilipopata kibali cha kuishi mwaka jana nikasema nakuja, ukaniandikia nisije, kazi kwanza. Mimi si mjinga. Najua mama alizikwa mimi sipo. Nilikueleza wakati ule: nimeachana na Wanjohi, kibali changu kilifungwa kwenye jina lake, nimeomba upya kwa jina langu, na ningetoka kabla ya jibu nisingekuwa na hakika ya kurudi. Daisy alikuwa na miaka minane. Ningemwacha na nani?

Sikuombi uniambie umenisamehe, najua maneno ya namna hiyo hayakutoki. Naomba kitu kimoja tu. Chukua simu ya Dativa, nitafsirie ule mwisho, dakika tatu, kwa sauti yako, anirushie. Nikiipata nitajua yameisha. Nisipoipata pia nitajua.

Mwanao,
Theresia


Mpanda
29 Oktoba 2024

Mama yangu Theresia,

Marahaba. Ingawa kwa haki ni mimi wa kukuamkia wewe, maana jina ulilobeba ni la mama yangu mzazi, na tangu siku ya ubatizo wako sijawahi kukuita vingine. Mama, mashtaka nimeyapokea. Mshtakiwa anajitetea.

Kwanza, Kihindi sikijui. Nilijua "chalo", yaani twende, mengine nilikuwa nayasoma usoni. Mtu akikunja ndita namtukania, akilia namlilia. Yule mwenye kofia alikuwa na uso wa uhamiaji kabisa, lawama si yangu. Kuhusu kaka mtu, hilo nakubali ni aibu, ila hakuna aliyelalamika. Pili, watu wametoka Makanyagio kwa miguu, wengine wameacha wagonjwa nyumbani, halafu mimi niwape mama anayenyamaza? Wangenivunjia mabenchi. Mtu akinyamaza kwenye filamu ni kazi ya mtafsiri kumpa maneno. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyomfundisha Deo.

Huyo Deo siku hizi ndiye mwenye kibanda. Ana skrini kubwa na feni mbili. Watu wanasema ananiiga mpaka kikohozi.

Hilo la sauti, koo lina mafua. Ni vumbi la kiangazi, unalijua. Tutaona mvua zikianza. Dativa na watoto hawajambo. Ndizi za nyuma ya nyumba zimezaa, moja imeangukia kwa jirani na kesi bado inaendelea.

Msalimie Daisy. Mwambie babu yake si mwongo, ni mtafsiri.

Baba yako,
Januari


Bredäng
Jumapili, 17 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Nimecheka kuhusu jirani na ndizi, kisha nikaisoma tena barua, nikakuta umenikwepa. Mafua! Nimemuuliza Dativa kwenye simu, mvua zimeanza Mpanda, hakuna vumbi. Akanijibu hivyo, halafu akasema anapika, akakata.

Huku sasa jua linazama saa tisa alasiri. Naingia kazini kuna giza, natoka kuna giza, na ule mchana nauona dirishani kwa wazee ninaowahudumia. Sijui kama nilikuambia kuhusu bibi mmoja tuliye naye, Mfini. Alikuja Sweden akiwa msichana, akafanya kazi kiwandani miaka arobaini, akaongea Kiswidi na mumewe na watoto wake. Sasa amezeeka, Kiswidi chote kimemtoka, kimebaki Kifini cha utotoni. Watoto wake wakija wanakaa kitandani wanamshika mkono tu, hawakijui. Mimi namjibu kwa Kiswahili. Namwambia, bibi, leo mtori umechacha, wewe kula tu viazi. Anaitikia, anacheka, tunaelewana vizuri sana. Mkuu wangu wa zamu akaniuliza nimejifunzia wapi kuongea na wagonjwa namna hiyo. Nikamwambia, kwa baba yangu, kwenye kibanda cha video.

Nakuambia haya ili ujue kitu kinachonitisha. Juzi, kwenye tunnelbana, treni yetu ya chini ya ardhi, nilijaribu kukumbuka unavyosema "tulieni, wapenzi watazamaji." Maneno nilikuwa nayo. Sauti ikaja ya Mzee Okech, yule Mkenya anayetusomea matangazo kwenye ibada ya Kiswahili. Nikafumba macho, nikaanza upya. Okech tena! Nilishuka kituo kisicho changu, nikakaa kwenye kiti nikalia mbele za watu, na hapa watu hawakuulizi unalia nini.

Ninaisahau sauti yako, Baba. Sina hata rekodi moja. Zamani sikuona haja, ulikuwa unaongea kutwa.

Kama bado una hasira, niambie una hasira. Nitukane, ila unitukane kwa mdomo. Dakika tatu. Sitaomba tena.

Theresia


Mpanda
10 Desemba 2024

Mama yangu Theresia,

Marahaba. Ndani ya bahasha hii kuna memori kadi, imefungwa kwenye karatasi ya sigara isipotee. Nilikwenda kwa Deo kwa kuwa ana maiki nzuri. Sikiliza, umsikilizishe na mjukuu wangu.

Usilie tena kwenye treni za watu. Noeli njema.

Januari


Bredäng
Jumapili, 5 Januari 2025

Dativa,

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu utanijibu kwa kikaragosi cha kucheka, na leo sicheki.

Memori kadi imefika juzi. Nilijifungia jikoni na Daisy, nikapika chai, nikawasha mshumaa kama vile anakuja askofu. Sauti ikaanza, "Tulieni, wapenzi watazamaji." Dativa, nilipiga magoti. Ile mikwaruzo, ule mvuto wa pumzi kabla ya neno, kile kikohozi. Nikasema asante Mungu, amenisamehe.

Halafu ikasema, "Binti yangu Theresia, popote ulipo huko Ulaya, burudika!"

Nikazima. Baba hajawahi kuniita binti yangu, tangu nizaliwe. Hata siku aliponichapa kwa kuuza redio yake alinichapa akiniita mama. Kila barua anayoandika, hata zile baridi za mistari mitano, inaanza na mama yangu. Huyo Deo alikuja kibandani mimi niko bweni, hajui Baba ananiita nani nyumbani. Anamwiga Baba mpaka kikohozi, lakini hilo hakuambiwa.

Nilimuomba dakika tatu. Yeye akaona ni bora atoke kwake mpaka kibandani, akae hapo, ampe mtu mwingine heshima ya kusema maneno yake, kuliko kufungua kinywa mwenyewe anisemeshe. Kuna hasira za namna hiyo? Mtu anayekuchukia atakunyamazia, sawa. Huyu kanitumia mwigizaji! Amenifanya nipige magoti kwa Deo.

Mwambie nimejua. Mwambie pia sitamsumbua tena. Mama alizikwa bila mimi, na yeye kama anataka azikwe bila mimi, aseme tu, si lazima tuigize.

Daisy ananiuliza kwa nini nimezima. Nimemwambia kadi ni mbovu.

Dada yako,
Theresia


Mpanda
22 Januari 2025

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa sokoni, nikashindwa hata kupima dagaa wa watu.

Mimi nimeapishwa. Baba aliniapisha pale kwenye kaburi la mama, mkono wangu kaushika juu ya saruji. Kwa hiyo usiniulize, na usinilaumu kwa kukukatia simu. Ulifikiri napenda? Kila Jumapili ukipiga natoka nje na simu kama mwizi.

Lakini sikuapishwa kuficha barua zako. Hii nimempa, akaisoma yote. Alipofika kwenye magoti akaiweka chini, akaenda kukaa nyuma ya nyumba, chakula cha mchana kikapoa, cha jioni kikapoa. Deo alikuja, akarudishwa getini. Leo asubuhi ameniashiria nimletee kalamu.

Mngoje aandike. Na usimtukane tena, nakuomba. Hujui unamtukana nani.

Mdogo wako,
Dativa


Mpanda
26 Januari 2025

Mama yangu Theresia,

Deo hana kosa. Alinisihi niandike ukweli, nikamkatalia. Alifanya kwa kuniheshimu.

Nitakuambia kwa mfululizo, na usiruke mstari. Mama yako alipolala hospitali aliuliza habari zako kila siku kwa siku kumi na moja. Siku ya mazishi ulikuwa umeshaniambia huji. Nilikusikia, nikasema nimeelewa. Hata hivyo niliwazuia watu wasishushe jeneza mpaka saa kumi jioni, nikisema labda ataingia na gari la Tabora. Padre alikuwa na misa nyingine, ananitazama, anatazama saa. Gari la Tabora likaja, wakashuka wauza vitunguu. Hapo ndipo nilipokasirika. Sikukasirikia uhamiaji wala Wanjohi, nilikukasirikia wewe.

Mwaka mzima ulipiga simu kila Jumapili. Sikuwa mbali nayo, mama. Nilikuwa nayo mezani. Inaita, jina lako linawaka, naiangalia mpaka inanyamaza. Nilikuwa naona raha, nakuambia ukweli, ile raha ya mtu mbaya. Nasema na aonje. Kibandani nilimfanya yule mama wa Mgeni asamehe kila Jumamosi, watu wakalia na kunipigia makofi. Nyumbani kwangu nilishindwa kupokea simu.

Sauti ilianza kukwaruza mwaka huohuo, mwezi wa kumi na moja. Nikadhani ni kazi. Nikanywa tangawizi na asali, nikakohoa damu, bado nikanywa tangawizi. Mwezi wa tatu wakanipeleka Dar es Salaam, Deo aliuza spika zake mbili kubwa ndiyo nikaenda. Ilikuwa saratani ya koo. Wakakitoa kisanduku cha sauti chote. Napumulia tundu la shingoni, Dativa ananifunga kitambaa. Siwezi kuongea wala kunong'ona. Hata chai siwezi kupuliza, nangoja ipoe yenyewe. Wajukuu nawaita kwa kupiga makofi, wamezoea.

Nilipozinduka kitandani, kitu cha kwanza nilichotaka ni kukupigia simu. Nakuapia. Ile hasira yote niliitafuta nisiione. Nikafungua mdomo nimwambie Dativa anipe simu.

Toka mazishi mpaka kisu ni mwaka mmoja. Mwaka mmoja nilikuwa na sauti, na wewe unapiga kila wiki, na mimi nikaumaliza kwa kununa. Ningejua ndio wa mwisho, mama, ningepokea hata kwa kukutukana.

Ndiyo maana nilikuandikia usije. Uliomba sauti, nami sikuwa nayo, nikaona aibu kukuambia niliipeleka wapi. Nikamtuma Deo. Nimekufanya upige magoti kwa mtu baki, na hilo limeniuma kuliko kisu.

Uliniomba ule mwisho. Nitakupa, ila sasa niazime koo lako. Simama hapo jikoni, mwite Daisy, soma kwa sauti. Usione haya.

Tulieni, wapenzi watazamaji, tulieni! Wewe mwenye karanga, acha! Mwangalieni huyu mama. Katoka nyota saba kumfuata mwanawe, na mwanawe hamjui. Mnamuona? Kanuna huyo! Kageuka huyo! Anapanda chomboni, mlango puu, anakwenda zake juu, hasemi kitu. Anapita mawingu, anapita mwezi, bado kanuna. Ehee! Anafika nusu ya njia, moyo unamkata, anagonga kioo, "Dereva! Geuza! Nimemwacha mtoto wangu stesheni!" Chombo kinageuka, mama anashuka mbio, kanga inadondoka, haiokoti. Anafika mbele ya mwanawe. Anafungua mdomo. Haya, sasa atasema. Wapenzi watazamaji, sauti haitoki. Imebaki huko juu, alikokuwa kanuna. Anafungua tena, haitoki. Kasimama tu, anamtazama mwanawe usoni, anamtazama, na hana jinsi ya kumwambia yameisha. Yameisha zamani, mama. Tangu pale kitandani Dar.

Filamu imekwisha, washeni taa.

Umekuwa ukiniuliza kama nimekusamehe. Si wewe wa kuomba. Mimi ndiye ninayekuomba sasa, na kama unahitaji mwaka wa kuninunia, ninastahili, chukua. Ila nakusihi uwe mfupi, maana mimi nimeujaribu mrefu.

Baba yako,
Januari


Bredäng
Jumapili, 16 Februari 2025

Baba,

Shikamoo.

Barua yako ilifika Jumanne. Nimeshindwa kuandika mpaka leo, na karatasi tatu za mwanzo nimezichana, zilikuwa za matusi. Una bahati hukuzipata. Nina hasira na wewe, tena nyingi. Nina hasira ya ile simu mezani. Nilikuwa napiga nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nje, Daisy asione, naihesabu inavyoita, najiambia yuko shambani, yuko kanisani, chaji imekwisha. Kumbe unaitazama! Na hasira yangu kubwa zaidi ni ya kisu. Umepasuliwa koo, mimi kazi yangu ni kuosha wazee wa watu, kuwabadilisha vitambaa, kuwalisha kwa kijiko, halafu baba yangu mwenyewe anafungwa kitambaa na mdogo wangu na mimi naandikiwa habari za ndizi. Hilo litanichukua muda, sikudanganyi.

Nilifanya ulivyosema. Nilisimama jikoni, nikamwita Daisy, nikasoma. Mwanzoni niliona haya, nikasoma kama Mzee Okech na matangazo yake. Daisy akasema kwa Kiswidi, babu hasomi hivyo, ulisema alikuwa anapiga kelele. Basi nikapiga kelele. Wewe mwenye karanga, acha! Jirani wa chini akagonga bomba. Nilipofika kwenye dereva geuza, Daisy alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nilipofika sauti haitoki, sikuweza kuendelea. Akainuka, akachukua karatasi mkononi mwangu, akamalizia yeye. Kiswahili chake kinachechemea, "yameisha" alilirudia mara mbili ndipo likatoka sawa. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili, sikumwambia atumie Kiswahili, "Babu anaumwa?" Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza kwa nini bado tuko hapa.

Yaishe, Baba. Sina mwaka wa kukununia. Nilionao nataka kukaa nao hapo nyumbani, kwenye benchi la jikoni, nikikufunga hicho kitambaa vizuri, maana najua Dativa anakikaza mno.

Shule zinafunga katikati ya Juni, ila sitangoja Juni. Nimeomba likizo kazini, mkuu wa zamu kanipa wiki sita kuanzia tarehe kumi Machi. Shule ya Daisy imetoa ruhusa. Tiketi nimekata, tunashuka Dar tarehe kumi na mbili, Mpanda tarehe kumi na tatu. Usiniandikie kwamba nisije, barua haitawahi.

Nimemwambia Daisy kwamba babu hataongea, asiogope tundu la shingoni, asilitazame sana, na asifikiri babu amekasirika. Kajibu kwamba analijua hilo, mimi ndiye niliyekuwa silijui.

Na wewe usihangaike na daftari siku hiyo ya kwanza. Usiandike kitu. Nina miaka mitatu ya maneno ambayo simu yako haikuyapokea, nitayasema yote, ya maana na ya kipuuzi. Nitaongea mpaka unichoke, Baba, na ukinichoka nipigie makofi nami nitanyamaza kidogo, kisha nitaendelea.

Mwanao,
Theresia